Kupima kazi ya walimu wa mkoa mzima: anzia shule ya mbali kuliko zote

Ukipewa kazi ya kuandaa mwongozo wa kupima ufanisi wa walimu, usianze na fomu. Sisi tulianza na fomu, ikatupotezea muhula mzima. Mimi ni Afisa Elimu Kata huku Sikonge, tangu enzi tunaitwa Waratibu, na nilikuwa kwenye kikundi kidogo kilichotakiwa kuandika vigezo. Tulijifungia siku nne, tukatoka na kurasa tisa na vipengele sitini na vitatu. Tulijiona wataalamu.

Nikazipeleka shule yangu ya mbali, ile ya ng'ambo ya mbuga, ambako masika pikipiki naiacha kwa mzee mmoja nikamalizia kwa miguu. Kipengele cha ishirini na moja kiliuliza kama mwalimu anatumia TEHAMA ipasavyo. Shule haina umeme. Kishikwambi cha mwalimu, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, siku hiyo kilikuwa kijiji cha pili kwenye duka lenye sola, kinachajiwa. Sasa nimwekee sifuri?

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, chagua shule yenye hali ngumu kuliko zote na ukae huko siku mbili. Mkoa wa Tabora una halmashauri nane, na kigezo kinachotimizika shule ya karibu na stesheni tu si kigezo cha mkoa. Kila kipengele kiulize hivi: mwalimu akiwa na ubao, chaki na akili yake, anaweza kukitimiza? Kama hawezi, hicho kinampima mkurugenzi wa halmashauri, siyo mwalimu. Kiandikie karatasi nyingine. Hiyo karatasi nyingine nayo ipelekwe juu, wengi huisahau.

Kisha punguza. Sisi tulibaki na kumi na moja, kila kimoja kikiwa na ngazi nne, na bado naona viwili vimezidi. Kazi ngumu si kupunguza, ni kuandika kitu ambacho jicho linakiona. "Anashirikisha wanafunzi" kila mtu anakubaliana nacho, ndiyo maana hakifai.

Niliijua hiyo siku tulipokwenda kupima darasa la nne, somo la Hisabati, mada ya sehemu. Tulikaa nyuma wawili, mimi na mwenzangu wa kata jirani. Madam aliingia na andalio la somo safi, akatoa viazi vitamu vitatu na kisu, akakata kimoja vipande vinne sawasawa, watoto wakachangamka. Mwenzangu akampa nne. Mimi nilimpa mbili, kwa sababu nilikuwa nimechora ramani ya madawati na kila mtoto akisema neno naweka alama. Kwa dakika arobaini walizungumza kumi na watatu, na kumi na mmoja wao walitoka madawati ya mbele. Halafu aliuliza ipi kubwa, robo au theluthi. Darasa zima: "Robo!" Nne si inazidi tatu? Akasema, "Hapana, ni theluthi," akaandika ubaoni, akaendelea. Viazi viwili vizima vilibaki mezani, na ndivyo vingemaliza ubishi.

Nani kati yetu alikuwa sahihi? Wote wawili, kwa fomu ile. Ndipo tukaandika upya: "Mwanafunzi akikosea, mwalimu anatafuta alivyofikia jibu hilo kabla ya kutoa jibu sahihi." Hicho hata mpimaji mgeni atakiona.

Wapimaji wafundishwe wawili wawili. Mnakaa darasa moja, kila mtu anaandika bila kuchunguliana, mnalinganisha nje. Mkipishana zaidi ya ngazi moja, au mkipishana kwenye vipengele zaidi ya viwili, msiende darasa linalofuata. Ama maneno ya kigezo hayaeleweki, ama mmoja wenu anapima unadhifu wa mwalimu.

Matokeo ya mtihani ndiyo yatakayoleta kelele kikaoni. Wakubwa watataka yawe nusu ya alama. Marekani walishapita njia hiyo: mwaka 2009 serikali kuu ilitangaza mashindano ya fedha yaliyosukuma majimbo kuingiza maendeleo ya wanafunzi kwenye tathmini ya mwalimu. Mwaka 2014 chama cha wanatakwimu cha huko kikaeleza kwamba tafiti nyingi zinaonyesha mwalimu anachangia kati ya asilimia 1 na 14 ya tofauti za alama za wanafunzi. Mwaka uliofuata sheria mpya ikaliacha suala hilo mikononi mwa majimbo yenyewe. Kwetu ongezea tumbaku. Ikianza kuchumwa, watoto wako shambani au kwenye mabani ya kuikaushia, na rejista ya mahudhurio inajaa mianya. Mwalimu wa darasa la saba, juu ya hayo, anapokea mtoto aliyepita mikononi mwa wengine sita.

Ukilazimika kutumia alama, pima mwanzo na mwisho. Kila mtoto wa darasa la pili asome aya fupi mwezi wa pili, asome nyingine ya uzito huo mwezi wa kumi. Hesabu waliokuwepo mara zote mbili tu, na weka mahudhurio pembeni ya kila jina.

Halafu piga hesabu ya miguu yako. Kata yangu ina shule saba, walimu 62. Kuwaona mara mbili kwa mwaka ni mara 124. Kwa siku naweza wawili, kwa sababu baada ya kipindi kuna mazungumzo. Hizo ni siku 62 kati ya siku 194 za masomo, na bado kuna mitihani, vikao na mvua. Haiwezekani. Mara ya kwanza afanye Mwalimu Mkuu au mwalimu wa taaluma, ya pili nifanye mimi, na chache tukae pamoja ili nijue anapimaje.

Mazungumzo yafanyike siku hiyohiyo, na si ofisi ya walimu mbele za watu. Na yule Madam tulikaa chini ya mwembe. Nilimuuliza, "Ungefundisha tena kesho, ungebadilisha nini?" Akanyamaza, kisha: "Mratibu, niliwasikia wakisema robo. Nilikimbizana na muda." Hakuhitaji fomu yangu kumwambia. Tulichopanga ni mada hiyo ipelekwe kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule, kwenye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, wenzake waijadili.

Karatasi unayojaza darasani ni ya kumsaidia mwalimu, isiingie faili la nidhamu. Utoro na ulevi vina taratibu zake Tume ya Utumishi wa Walimu, na upimaji wa mwaka una PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya ule wa fomu za OPRAS. Ukichanganya, mwalimu atakufundishia somo la maonyesho, lile alilolifundisha juzi. Mwalimu asaini, abaki na nakala, na akipinga ndani ya wiki mbili aje mpimaji wa kata nyingine. Chama cha walimu kiitwe siku ya kwanza, si ya uzinduzi.

Jaribu kwanza kata moja kwa kila halmashauri, mihula miwili, na masika yawe ndani yake. Yetu sasa ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Nakala natoa kwa karatasi ya kaboni, maana printa ya karibu iko mjini.