Namna ya kuyajaribu marashi ya mawaridi kwenye ngozi kabla ya kuyanunua

Anayenunua marashi ya mawaridi kwa kunusa mdomo wa chupa huwa amenunua robo saa ya mwanzo tu ya marashi hayo, na saa zote zinazofuata atazipokea vyovyote zitakavyokuja. Katika maduka ya manukato ya Darajani na Mkunazini, mjini Unguja, biashara huenda haraka: kizibo hufunguliwa, kichupa husogezwa puani, na bei huanza kuzungumzwa papo hapo. Waridi halifai kununuliwa kwa mwendo huo, kwa kuwa ni harufu inayogeuka sana ikishakutana na joto la mwili, na hewa yetu ya Unguja na Pemba, yenye joto na unyevu wa bahari, huuharakisha mgeuko huo. Muamuzi wa kweli ni ngozi yako mwenyewe, nayo huhitaji siku nzima ili itoe hukumu.

Kabla ya kujipaka, ni vyema ujue kilichomo kichupani. Mafuta safi ya waridi, yaani halwaridi, kwa sehemu kubwa hutokana na waridi la Damaski, ambalo hulimwa Kazanlak nchini Bulgaria, Isparta nchini Uturuki, Taif nchini Saudi Arabia na Kashan nchini Iran. Maua huchumwa alfajiri, kwa sababu jua likishapanda sehemu ya mafuta yake huruka hewani, na kupata kilo 1 ya mafuta huhitaji takriban kilo 3,000 hadi 5,000 za maua. Tola moja ni karibu gramu 11.7, kwa hiyo tola moja ya halwaridi safi hubeba kilo 35 au zaidi za maua yaliyochumwa kwa mkono. Ukiuziwa tola hiyo kwa bei ya mlo wa mchana, elewa kwamba unachopewa ni mchanganyiko uliotengenezwa maabara, ama mafuta ya jerani, ambayo ni mmea mwingine, yaliyofanywa yanukie kama waridi. Sisemi kwamba mchanganyiko ni kitu kibaya. Baadhi yake ni mzuri sana, na kwa matumizi ya kila siku ndio unaonifaa mimi. Kibaya ni kuuziwa mchanganyiko kwa bei ya halwaridi. Ukiuliza, muuzaji muaminifu atakwambia bila kusitasita.

Kipo kipimo kimoja cha nyumbani ambacho husaidia kidogo: halwaridi iliyokamuliwa kwa mvuke ina nta ya asili, na ikiwekwa kwenye friji huanza kuganda na kuonyesha chembe nyembamba zinazong'aa, kisha huyeyuka tena ikishikwa kiganjani. Mafuta yasiyoganda kabisa yatilie shaka, lakini yanayoganda usiyaamini kwa hilo peke yake, maana wako wanaotia nta kwa makusudi.

Inafaa pia kufahamu kwa nini maji ya mawaridi tunayorashiwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi hayanukii sawa na mafuta ya ua lile lile. Harufu ya waridi imejengwa na vitu vingi, na vikubwa kati ya hivyo ni sitroneloli na jeranioli, vyenye ukali wa kuelekea ndimu na majani mabichi, pamoja na alkoholi ya feniliethili, ambayo ni laini, tamu, na inakaribia asali. Hii ya tatu huyeyuka katika maji. Wakati wa kukamua kwa mvuke, sehemu yake kubwa hubaki majini, na mafuta hutoka yakiwa makali na yenye viungo kuliko ua lenyewe. Ndiyo maana mtu aliyezoea marashi ya mrashi anaweza kushangaa anapopaka halwaridi safi kwa mara ya kwanza na kudhani amepewa kitu kingine. Imo pia damaskenoni, ambayo kiasi chake hakifiki asilimia 1 ya mafuta, lakini pua huihisi kwa nguvu kubwa, na bila yake waridi hupoa na kuwa kama sabuni. Kasoro hiyo ya kunukia sabuni ndiyo inayoyafichua marashi mengi ya bei nafuu, nayo kwa kawaida hujitokeza baada ya saa moja, pale utamu wa mwanzo unapokwisha.

Siku ya kwenda kujaribu, nenda asubuhi, ukiwa umeoga kwa sabuni isiyo na harufu kali, bila losheni, wala nguo iliyofukizwa udi. Chagua aina mbili tu, moja kwa kila mkono, kwa sababu baada ya ya tatu pua huchoka na hukumu yake haitegemeki tena. Kama ni mafuta, gusa tone moja kwa kijiti cha kioo upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na kama ni marashi ya kupuliza, puliza mara moja kwa umbali wa shibiri moja, kisha acha spiriti ikauke kabla ya kunusa, la sivyo utakachokinusa ni spiriti. Usisugue mkono kwa mkono. Kusugua hupasha ngozi joto na kutawanya mafuta, nazo harufu nyepesi za mwanzo hupita kabla hujazifahamu. Pua ikichoka, inusishe kikunjo cha kiwiko chako mahali usipopaka kitu, na hapo itarudi katika hali yake.

Kisha toka dukani bila ya kununua. Tembea, fanya shughuli zako, panda daladala, na unuse tena baada ya robo saa, baada ya saa moja, baada ya saa tatu, na jioni. Katika robo saa ya mwanzo utasikia ubichi, na katika baadhi ya mawaridi utasikia ndimu au pilipili manga. Waridi la Taif ndilo linalojulikana zaidi kwa ukali huo, na wapo wanaolikimbia kwa sababu hiyo kabla halijatulia. Baada ya saa moja ndipo ua lenyewe hufunguka, na hapa usikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa waridi ni harufu ya katikati na wakati wake mkubwa ni huu. La Kazanlak huelekea asali na hukaa kwa mizani. La Grasse, kule Ufaransa, ambalo ni aina nyingine ya waridi na mafuta yake hutolewa kwa vimumunyisho, yaani kemikali za kuyeyushia, badala ya mvuke, ni laini na zito. Marashi ya Jabal Akhdar huko Oman, ambayo nyumba nyingi za Unguja na Pemba huletewa na jamaa zao, kwa desturi ya zamani hupikwa kwa moto wa kuni, na huwa na moshi kidogo ndani yake. Wenye kuyapenda hawayabadilishi na chochote.

Baada ya saa tatu au nne, waridi lililo peke yake huwa limekwisha au limebaki kivuli. Linalobaki mpaka jioni ni lile lililoegemezwa kwenye kitu kizito. Mafundi wa Kannauj nchini India hukamua mvuke wa mawaridi moja kwa moja ndani ya mafuta ya msandali, na uturi wao hushika ngozi kwa muda mrefu kuliko halwaridi tupu. Udi hufanya kazi hiyo hiyo kwa ukali zaidi. Miski za kutengenezwa nazo hudumu sana, ila kuna watu ambao pua zao hazizisikii kabisa, kwa hiyo ukiona marashi yamekutoka, muulize mtu wa nyumbani kabla ya kujiongezea. Pua ya mwenye marashi huzoea na kunyamaza, ilhali wenzake kwenye baraza bado wanayasikia vizuri.

Karafuu inastahili kutajwa, kwa kuwa ni yetu. Eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayokamuliwa kiwandani Wawi, Chake Chake, imo pia kwa uchache ndani ya halwaridi, na ndiyo sababu waridi na karafuu hupatana bila kugombana. Hata hivyo, usijichanganyie mafuta ya karafuu mwenyewe na kuyapaka, kwani huunguza ngozi. Acha karafuu ikae kwenye nguo sandukuni, na waridi likae mwilini. Asmini na langilangi, kwa upande mwingine, huchuana na waridi, na mwanamke aliyevaa kikuba siku hiyo afadhali aliache waridi kwa siku nyingine.

Ngozi kavu huyameza mafuta na kuipoteza harufu mapema. Mwenye ngozi hiyo aanze kwa kupaka mafuta yasiyo na harufu, si ya nazi, ambayo yana harufu yake. Wakati wa kaskazi, mchana wa jua kali, tone moja nyuma ya masikio linatosha, au marashi ya maji peke yake, maana waridi zito katika joto hilo huchusha na kuumiza vichwa vya watu. Usiku wa harusi, au wakati wa kusi ambapo hewa imepoa, ndipo waridi lenye udi linapopata nafasi yake: fukiza nguo kwanza kwenye chetezo, ivae, kisha jipake mafuta kwenye ngozi. Usipake mafuta kwenye kanzu nyeupe, kwani doa lake la manjano halitoki kwa urahisi.

Sitroneloli na jeranioli huwasha baadhi ya watu. Paka tone kwenye kikunjo cha kiwiko, lisubiri kwa siku mbili, na ukiona wekundu au upele usiendelee. Mafuta yaliyozeeka na kuingia hewa huwasha zaidi kuliko mapya, kwa hiyo nunua robo tola kwanza, ukiridhika ndipo uongeze, na kichupa kikae kabatini gizani kikiwa kimefungwa barabara, mbali na dirisha. Yakibaki kidogo, yahamishie kwenye kichupa kidogo zaidi cha kioo ili hewa isipate nafasi juu yake.