Meza ya chai kwa vikombe visivyofanana, ipange hivi

Wadada wa Mbeya, Iringa na Njombe mnaoandaa bebi shawa au kitcheni pati ya chai, acheni kukodi zile seti nyeupe za ukumbini wakati kabati la bibi limejaa vikombe vizuri kuliko hivyo. Tatizo watu wanavirundika tu mezani, mwisho inaonekana kama vyombo vya msibani vilivyoazimwa mtaa mzima.

Dawa yake ni rangi. Chagua rangi moja ambayo kila chombo lazima kiwe nayo hata kidogo, kwenye ukingo, kwenye ua, hata kwenye mkono wa kikombe tu inatosha. Tuseme thimu ni shamba la chai, kama Tukuyu au Mufindi, basi rangi ni kijani na nyeupe: kikombe chenye majanimajani kinakalia sosa nyeupe tupu, kikombe cheupe kinakalia sosa ya maua, na kile cha bati cheupe chenye ukingo wa kijani kinaingia humohumo na kinapendeza kweli. Maua juu ya maua mengine macho yanachoka, kwahiyo kimoja kikiwa na mapambo mwenzake awe mtulivu. Mikono ya vikombe vyote ielekee kulia, yaani hiki kitu kidogo ndo kinafanya meza ionekane imepangwa.

Ukienda kutafuta vya mtumba soko la Mwanjelwa pale Mbeya, kishike kikombe kwa mkono wake ukigonge ukingoni na ukucha. Kikilia ting kizima, kikitoa sauti nzito kina ufa hata kama huuoni. Chenye ufa usinywee, weka maua. Na vile vya zamani sana ambavyo rangi ya ndani inabanduka pia usinywee jamani, rangi za zamani zingine zina madini ya risasi. Madoa ya chai yanatoka na bekin soda na maji kidogo, sugua na kitambaa, steelwire hapana, inaondoa ile michoro.

Chini tandika kitenge au kitambaa cheupe kining'inie kama sentimita 25 kila upande, kila mgeni apate sentimita 60 za meza, yaani meza ya sentimita 180 ni watu watatu kila upande na usibane. Maandazi na vitumbua viweke kwenye vikapu vya milulu vya Iringa, keki juu ya sahani iliyopandishwa kwenye bakuli lililogeuzwa. Maua yawe mafupi watu waonane, waridi la uani na majani ya mchaichai yanatosha kabisa. Pareto ni nzuri kwa macho ila inatengenezewa dawa ya wadudu, isikae karibu na chakula.

Kama ni mwezi wa sita au wa saba na baridi letu lile, pitisha maji ya uvuguvugu kwenye vikombe kwanza, maana chai ya moto kwenye kauri ya zamani iliyopoa inapasua.

Vya kuazima bandika selotepu ya karatasi chini ya kila kimoja, andika jina la mwenyewe kabla havijachanganyika, na wakati wa kurudisha weka gazeti katikati ya sosa na sosa.