Kabla hujanunua bunduki ya peintiboli Dodoma: anza na gololi, mtutu baadaye

Anayetaka kuanza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa gololi za rangi, huuliza kwanza mtutu gani unafika mbali. Jibu lake linakera: karibu yote inafika pale pale. Viwanja vya mchezo huu vina kikomo cha kasi. Kilichozoeleka ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi, na viwanja vingi hushusha hadi 280. Gololi mbili za rangi zenye uzito mmoja, zikitoka kwa kasi moja na pembe moja, zitaangukia eneo moja, hata kama moja imetoka kwenye mtutu wa bei mbaya na nyingine kwenye ule uliokuja ndani ya boksi.

Gololi ya kawaida ina kipenyo cha inchi 0.68, milimita 17 na ushee, na uzito wa gramu tatu hivi. Ni nyepesi kwa upana huo, kwa hiyo hewa huimaliza nguvu haraka. Ikifika mita 30 imeshapoteza karibu nusu ya kasi na imeshuka karibu mita moja chini ya pale ulipolenga. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia kumi, na gololi inapata nafuu fulani. Nafuu hiyo ni ndogo, usipange mbinu za mchezo kwa kuitegemea.

Wenye kiu ya umbali wana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni mtutu unaoizungusha gololi kinyumenyume ili ielee zaidi, kama Flatline ya kampuni ya Tippmann au mtutu uitwao Apex. Unapata mita za ziada, lakini gololi inayoelea hubaki hewani muda mrefu na upepo unaichezea. Ya pili ni gololi ziitwazo First Strike, ambazo si duara kamili bali zina mapezi nyuma ya kuzizungusha. Hizo zinakwenda mbali na zinanyooka, ila bei ya moja ni ya gololi za kawaida kadhaa, na zinataka bunduki inayolishwa kwa magazini. Kwa kikundi cha marafiki wanaoanza, ni anasa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye gololi. Ganda lake ni jelatini, ile ile ya vidonge vya hospitali, na jelatini hunywa unyevu na kuutoa. Gololi iliyokaa pwani huvimba. Ikipandishwa Dodoma na kukaa kwenye hewa kavu ya Julai au Agosti, hunywea, huwa ngumu na hupasuka kirahisi, wakati mwingine ndani ya mtutu wenyewe. Iliyolala upande mmoja kwa wiki kadhaa hupata ubapa, na gololi yenye ubapa hakuna mtutu utakaoinyoosha. Kabla ya kulipa, fungua mfuko mmoja. Chukua chache, zizungushe juu ya meza, angalia kama zinayumba. Tazama pale nusu mbili za ganda zilipoungana: mshono ukiwa umetuna, achana nazo. Ukishanunua, ziweke ndani ya mfuko wao uliofungwa, kwenye chumba chenye kivuli, na ugeuze mifuko mara kwa mara. Usiziache kwenye buti la gari lililopaki juani Nyerere Square ukidhani utazikuta salama.

Hapo ndipo mtutu unapoingia. Kazi yake kubwa ni kuifiti gololi uliyonayo siku hiyo. Fungua mtutu, tia gololi upande wa nyuma. Ikipita na kudondoka yenyewe, tundu ni kubwa. Ikikwama na pumzi yako haiisogezi, ni dogo. Unayotaka ni ile inayokaa, kisha ukiipuliza inatoka. Jaribio hilo lifanyie Dodoma siku ya mchezo, maana gololi iliyofiti vizuri Kariakoo inaweza kuwa imelegea ikifika huku. Kwa sababu hiyo mtutu wenye mirija ya ndani ya kubadilisha, kama mfumo wa Freak wenye vipenyo vya inchi 0.679 hadi 0.695, una faida hapa kuliko mahali ambapo hali ya hewa haibadiliki sana. Kama uwezo hauruhusu, nunua mtutu mmoja wa katikati, karibu 0.687. Ulegevu kidogo hupoteza hewa tu, lakini mbano hupasua gololi.

Urefu umetiwa chumvi mno. Gololi hupata karibu kasi yake yote ndani ya inchi nane hadi kumi za mwanzo. Inchi 12 hadi 14 zinatosha kwa kila kitu, kwa sababu ukizidi hapo gololi inasugua tu na kula hewa, na ukipita katikati ya miba ya migunga mtutu mrefu unakuwa kero. Matundu ya mbele hupunguza mlio, hayaongezi shabaha. Mifereji ya ndani kama ya bunduki za risasi haisaidii gololi ya duara iliyojaa kimiminika. La muhimu, na ndilo wengi hulisahau wakiagiza mtandaoni, ni nyuzi za kufungia, zile za skrubu nyuma ya mtutu: mtutu wa bunduki ya Tippmann 98 hauingii kwenye bunduki yenye nyuzi za aina ya Autococker. Hakikisha kabla ya kulipa, kwani nauli ya kurudisha mzigo inaweza kuzidi bei ya mtutu.

Kuhusu bunduki yenyewe sitasema mengi. Za kielektroniki zinafyatua haraka na kwa ulaini, ila zinataka betri, na vumbi la Dodoma linazisumbua. Za kimekanika kama Tippmann 98 au EMEK ya Planet Eclipse huvumilia, na EMEK inaisukuma gololi kwa upole, jambo lenye maana kwa gololi zilizokauka. Wingi wa gololi kwa sekunde usikutie tamaa. Vifaa hivi vilianza kama zana za kuwekea alama miti na ng'ombe, na walipocheza watu 12 mchezo wa kwanza msituni Henniker, New Hampshire, tarehe 27 Juni 1981, aliyeshinda alikusanya bendera zake bila kufyatua hata mara moja.

Hewa ya mtungini inayoisukuma gololi ndiyo itakayokukwamisha, na watu huikumbuka mwisho. Kabonidioksaidi ni rahisi kuipata, lakini mgandamizo wake hupanda na joto. Bunduki uliyoipima asubuhi ya baridi inaweza kuwa imevuka kikomo saa saba mchana. Isitoshe hujazwa kwa uzito, juu ya mizani, kamwe si kwa kukisia. Uliza kwa wanaojaza mitungi ya kuzimia moto kama wana kiunganishi chako. Hewa iliyogandamizwa yenye regyuleta, yaani kidhibiti cha mgandamizo, hutoa nguvu ile ile mfyatuo hadi mfyatuo, na kwa upande wa shabaha ina thamani kuliko mtutu wowote. Shida ni kuijaza: mitungi yake hutaka mgandamizo wa baa 200 au 300, wakati kompresa ya fundi wa matairi haivuki sana baa kumi. Tafuta kwanza nani Dodoma ana kompresa ya kiwango hicho, au ingieni ubia mnunue yenu, ndipo mchague mitungi. Angalia pia tarehe iliyochapwa kwenye mtungi, kwa kuwa mingi hutakiwa kupimwa upya kila miaka mitano.

Na mtu asikushauri ukajaze oksijeni kwa wachomelea vyuma. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya ndani ya bunduki inaweza kulipuka mkononi.

Maski ni ya lazima, iliyotengenezwa kwa peintiboli, yenye alama ya ASTM F1776, kiwango cha kinga ya macho kwa peintiboli. Miwani ya fundi haitoshi. Soksi ya kufunika mtutu nje ya uwanja, oringi (pete za mpira za kuzuia hewa kuvuja) za akiba na kifutio cha kusafishia mtutu havina gharama kubwa. Mtutu uliolowa rangi hupeleka gololi ovyo, hata ungekuwa wa aina gani. Kipima kasi kinunuliwe na kikundi, si mtu mmoja.

Kabla ya kuagiza chochote nje, nenda polisi ukaulize, kwa sababu nchi ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 na kitu chenye umbo la bunduki kitahojiwa bandarini. Pata jibu la maandishi. Uwanja nao uwe na ruhusa ya mwenye shamba na taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Nyika iko wazi lakini si yote ya kuchezea, na karibu na Ikulu ya Chamwino au kambi ya JKT Makutupora usithubutu kuonekana na kitu hicho mkononi. Chagua eneo lenye mibuyu na vichaka vya kukinga upepo. Upepo wa mita tano kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni huisukuma gololi nusu mita au zaidi kwenye umbali wa mita 30, na Dodoma huo ni wa kawaida. Anzeni saa moja asubuhi, pimeni kasi ya kila bunduki, na joto likishapanda muipime upya kabla ya raundi inayofuata.