Kuondoa Ziara za Uongo katika Ripoti za Google Analytics

Mwenye nyumba ya wageni Paje au Nungwi akikuta idadi ya wanaotembelea tovuti yake imepanda ghafla mara tatu, anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba waliohesabiwa ni watu, kabla hajaongeza hata shilingi moja kwenye matangazo. Mwezi Februari 2024, tovuti nyingi zinazotumia Google Analytics 4, zana ya Google ya kuhesabu wanaotembelea tovuti, zilipokea wimbi la ziara zilizoonekana kutoka Poland, zikidai kuwa zimeelekezwa na anwani ya news.grets.store. Kwa Zanzibar jambo hilo lilikuwa na ugumu wake wa pekee, kwa kuwa watalii wengi kutoka Poland huja visiwani, na aliyeamua kuiondoa nchi hiyo nzima katika ripoti zake aliwaondoa na wateja wake. Kuchuja kwa jina la nchi ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayoharibu takwimu zaidi.

Yafaa kwanza kutambua aina ya taka iliyoingia. Kuna roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, zinazofungua kurasa za tovuti kwelikweli. Google Analytics 4 huziondoa yenyewe zile zinazojulikana, ikitumia utafiti wa Google pamoja na orodha ya kimataifa ya IAB, muungano wa kampuni za matangazo ya mtandaoni, wala huwezi kuizima kinga hiyo au kuona imeondoa kiasi gani. Zinazobaki kukusumbua ni zile zinazojifanya vivinjari vya kawaida. Aina nyingine haifiki kwenye tovuti kabisa. Namba ya utambulisho wa akaunti yako, ile inayoanza na herufi G na kistari, huonekana wazi katika msimbo wa ukurasa, na yeyote aliyeipata anaweza kutuma taarifa za uongo moja kwa moja kwenye seva za Google. Mara nyingi anayewindwa ni wewe msomaji wa ripoti: uone anwani ngeni, upate hamu ya kujua ni ya nani, uibofye. Usiibofye.

Kumbukumbu za seva, yaani orodha ya maombi yote yaliyofika kwenye kompyuta inayohifadhi tovuti yako, hutenganisha aina hizi mbili vizuri. Chagua saa moja ambayo ripoti inaonyesha wimbi, kisha fungua kumbukumbu za seva za saa hiyohiyo. Roboti iliyofika huacha mstari wenye anwani ya IP, muda, ukurasa ulioombwa na jina la kivinjari, ilhali ziara iliyotungwa haiachi chochote. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu kuzuia anwani kwenye seva hakumgusi mtu ambaye hapiti kwenye seva yako.

Baada ya hapo fungua sehemu ya Explore ndani ya Google Analytics, utengeneze jedwali lenye jina la kikoa, yaani Hostname, pamoja na chanzo cha ziara, nchi na mji, na upande wa namba uweke idadi ya vipindi (sessions, yaani ziara moja moja), vipindi vyenye ushiriki na wastani wa muda wa ushiriki. Kipindi huhesabiwa kuwa na ushiriki kikizidi sekunde 10, au kikiwa na kurasa mbili au zaidi, au tukio muhimu ulilolichagua. Tuseme mstari mmoja unaonyesha Ashburn, Virginia, vipindi mia kadhaa, muda wa ushiriki sekunde sifuri, na vyote vimeishia kwenye ukurasa wa kwanza. Ashburn ni mji wenye vituo vikubwa vya data, na kwa mkusanyiko wa dalili hizo huna sababu ya kusita. Lakini mji peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwani msomaji wa Dar es Salaam anayetumia VPN, huduma inayoficha mahali alipo, naye huonekana yuko ughaibuni, kama ilivyokuwa kwa wengi Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilipozuiwa nchini Tanzania.

Kagua safu ya Hostname kwa makini. Kikoa chako kitakuwapo, na huenda pia kikoa cha mfumo wa kuweka nafasi za vyumba, na anwani zinazoishia na translate.goog, ambazo ni za watu wanaosoma tovuti kupitia tafsiri ya Google. Hao ni wageni halali, wabakize. Mistari isiyo na kikoa, au yenye kikoa usichokijua, iwekee kundi la vipindi (session segment) linaloitoa kwenye hesabu, ukiongeza sharti la chanzo pale unapokuwa na jina mahususi. Njia hii haigusi takwimu za asili, na inafanya kazi hata kwa miezi iliyopita, mradi data bado ipo: Explore huhifadhi miezi 2 tu usipobadilisha mpangilio uwe miezi 14, na ningependa kila mtu aubadilishe leo.

Wengi huishia kwenye orodha iitwayo List unwanted referrals, wakidhani inafuta ziara. Haifuti. Inaondoa jina la aliyeelekeza tu, na ziara zilezile za uongo huhamia kwenye kundi la waliokuja moja kwa moja, ambako ni vigumu zaidi kuzipata.

Kwa ziara zilizotungwa, kinga ya kudumu ninayoipendelea ni kuiwekea lebo yako ya Google (Google tag, yaani msimbo unaotuma takwimu kutoka kwenye kurasa zako) kigezo cha traffic_type chenye thamani uliyoibuni mwenyewe, kisha kuunda kichujio cha trafiki ya ndani kinachopokea thamani hiyo peke yake. Anayetuma taarifa akiwa na namba ya akaunti tu atakosa thamani hiyo, ingawa aliyesoma msimbo wa ukurasa wako anaweza kuinakili, na hapo utalazimika kuibadilisha. Kiache kichujio katika hali ya majaribio kwanza, ulinganishe na kumbukumbu za seva, na uhakikishe kurasa zote zinatuma thamani hiyo, kwa sababu kikishawashwa, kinachokataliwa hakirudi tena. Roboti zinazofika tovutini zizuiwe kwenye seva au kwa huduma ya kinga ya tovuti kama Cloudflare, na tarehe ya kila badiliko iandikwe kwenye ripoti ya mwezi, ili atakayeona namba zimeshuka ajue kilichoondolewa.