Kabla hujaipeleka bunduki ya mjomba kupigwa nikeli

Bunduki nyingi za zamani za marisau, zile za kukunja katikati ili kutia risasi, zina ugonjwa mmoja: zinacheza. Ukiifunga kisha ukaitikisa karibu na sikio, unasikia kitu kinagonga pale kwenye bawaba, mitutu inapokutana na mwili. Chuma kimelika. Imekunjwa na kufungwa miaka hamsini kwa ajili ya nguruwe wanaofukua mihogo, chumvi ya bahari imeingia, na kuna waliopaka oili chafu ya gari badala ya grisi. Oili ile ina vumbi la chuma ndani yake. Inalainisha huku ikisaga.

Dawa inayosifiwa siku hizi ni kupaka nikeli kwa umeme mahali palipolika tu. Chuma hakizamishwi kwenye beseni. Fundi hushika kijiti cha kaboni kilichofungwa pamba, akakichovya kwenye maji ya nikeli na kusugua palepale, umeme wa volti chache ukipita kati ya kijiti na chuma. Nikeli hujijenga tabaka kwa tabaka. Kazi yenyewe ni ya saa chache, lakini maandalizi yake yanaweza kuchukua miezi, na hapo ndipo watu wanapokosea.

Anza na karatasi. Huku kwetu mpwa kurithi kwa mjomba si jambo la ajabu, lakini leseni ya bunduki ni ya mtu, hairithiwi pamoja na chuma. Kama mwenye leseni amefariki, safari yako ya kwanza ni polisi, si kwa fundi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na haikuachii umkabidhi silaha mtu yeyote mwenye bisibisi. Fundi anayejenga shafti za mota kwa nikeli anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini kama hana kibali cha kushughulikia silaha, bunduki isiingie kwake. Wapo watakaokwambia, "Si bunduki, ni kipande tu." Usibishane nao. Muulize ofisa wa polisi wa wilaya kuhusu hicho kipande, upate jibu kabla hujafungua skrubu yoyote.

Karatasi zikikaa sawa, pima. Hakikisha kwa macho kwamba vyumba vyote viwili vya risasi ni vitupu. Kisha vua lile gamba la mbao la mbele, maana lina springi inayobana mitutu na kuficha ulegevu. Nimeona bunduki iliyoonekana imara kabisa, gamba lilipotoka ikacheza kama mlango wa banda. Ifunge, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha, utazame mstari kati ya mitutu na uso wa mwili. Ukiona mwanga, chukua filagegi, ile wanayopimia valvu za pikipiki, ujue nafasi ni kiasi gani. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1. Nafasi isiyozidi hapo ni kazi inayofaa nikeli. Ikiwa kubwa zaidi, uliza kwanza kama pini ya bawaba inatoka. Kama inatoka, kuchonga pini mpya nene kidogo ni rahisi kuliko kupaka chochote, nami ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Andika vipimo kwenye karatasi, uambatanishe na picha. Bila namba, fundi atapaka hadi "ikaze", na bunduki iliyokazwa kupita kiasi hulazimishwa kufunga mpaka ikalika upande mwingine.

Sasa yale ambayo nikeli haiyawezi. Haizibi ufa. Hairudishi unene wa mtutu ulioliwa na kutu kwa ndani. Ning'iniza mitutu kwa uzi, uigonge kwa ukucha: ikilia kama kengele, vizuri, ikitoa sauti ya kopo, huenda ule ubao wa chuma unaoiunganisha umeachia. Tazama pia kama mitutu ina michoro ya mawimbi kama mbao. Hiyo ni mitutu ya kusokotwa, ya enzi za baruti nyeusi, na risasi za dukani leo zina nguvu nyingine kabisa. Bunduki hiyo itundike ukutani kwa kibali, usiipake nikeli.

Kuna na suala la moto. Sababu kubwa ya kuchagua nikeli badala ya kuchomelea ni kwamba kazi hufanyika baridi. Mitutu miwili mara nyingi imeunganishwa kwa risasi ya kulehemu (ile metali laini, si risasi ya kufyatua) inayoyeyuka chini kidogo ya nyuzi 200, na mwili umefanywa mgumu juujuu tu. Moto wa kuchomelea huharibu vyote. Lakini upakaji nao huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kigae. Dawa ya kawaida ni kukioka karibu na nyuzi 190 kwa saa kadhaa, joto ambalo ile risasi ya kulehemu hailivumilii. Kwa hiyo muulize fundi mapema: atapaka pini, au ndoano iliyo chini ya mitutu? Pini unaweza kuioka. Mitutu hapana. Springi zisiguswe kabisa.

La mwisho ni yale maji. Chumvi za nikeli huwasha ngozi, na mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Maji mengine ya kupakia chuma yana sianidi. Fundi akiyataja, ondoka. Mwulize pia anamwaga wapi. Akionyesha mtaro unaoshuka kwenye mikoko, chukua bunduki yako urudi nayo nyumbani, ikicheza hivyohivyo.