Jinsi ya kulitambua taji la lulu la Diana kwenye picha

Mtu anapost picha ya Princess Diana siku ya harusi yake na Charles afu anaandika eti ndo taji la lulu aliloazimwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza. Hapana jamani. Julai 1981 alivaa taji la kwao akina Spencer, na lile halina lulu. Kwa hiyo anza na lulu zinazoning'inia, hazipo? basi siyo lenyewe, pita.

Zikiwepo bado usishangilie, maana kuna jingine linaitwa Vladimir, la Urusi lile, Muingereza mmoja alilitorosha 1917 kwenye vurugu za mapinduzi, na 1921 Malkia Mary, bibi yake Elizabeth, akalinunua. Hilo ni maduara yaliyopishana na kila lulu iko katikati ya duara lake, na siku nyingine wanatoa lulu wanatundika zumaridi za kijani, ndo maana watu wanachanganyikiwa. La Diana ni matao 19 ya almasi, juu kuna mafundo ya utepe, na kila tao lina lulu yake inayoning'inia. Vuta picha karibu uangalie mafundo, hayo hayadanganyi.

Sasa picha ni ya lini? Hapa ndo patamu. Sonara wa London, Garrard, alilitengeneza kwa Malkia Mary kabla kidogo ya Vita Kuu ya Kwanza, akiiga taji la bibi yake Mary, Augusta wa Cambridge, na baadhi ya mawe yalitoka kwenye taji lingine ambalo Mary mwenyewe aliamua livunjwe (huyu mama alikuwa hana huruma na vito kwa kweli). Mwanzoni lilikuwa na lulu nyingine zimesimama juu, baadaye zikatolewa. Ukiona zimesimama, ni picha ya zamani, enzi za Mary.

Mary alifariki 1953 likaenda kwa Elizabeth, akalivaa miaka hiyo ya hamsini, afu 1981 akamwazima Diana, ambaye inasemekana lilikuwa linamuumiza kichwa kwa uzito. Ile picha ya gauni jeupe la lulu na koti la kola ndefu ni Hong Kong, 1989. Walipoachana na Charles 1996 likarudi kwa malkia.

Catherine, mke wa Prince William mtoto wa Diana, yeye kaanza kuonekana nalo 2015, ila lile la harusi yake 2011 ni la sonara Cartier la 1936, dogo, lulu hata moja hakuna.