Kupakia doksorubisini kwenye origami ya DNA, na kujua kwamba imeingia kweli

Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya matiti kwa doksorubisini, ile dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Mkojo ulitoka mwekundu, nywele zikaisha, na kila mara walimpima moyo, maana dawa hii huua seli za saratani na moyo nao huudhuru. Kwa ajili yake niko maabara, natafuta chombo cha kuifikisha kwenye uvimbe bila kuimwaga njia nzima. Kwa sasa tunajaribu kwenye seli tu.

Chombo chenyewe ni origami ya DNA, aliyoionyesha Paul Rothemund wa Caltech mwaka 2006: uzi mrefu wa kirusi M13, herufi 7,249, unaokunjwa na nyuzi fupi zaidi ya 200. Doksorubisini hujipenyeza yenyewe katikati ya vipago vya ngazi ya DNA.

Changanya uzi mrefu nanomola 10 na nyuzi fupi nanomola 100 kila mmoja, kwenye bafa ya Tris, yaani kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi, yenye magnesiamu milimola 12.5. Magnesiamu usiipunje: DNA ina chaji hasi, kuta zake husukumana, bila madini hayo umbo linafumuka. Pasha hadi nyuzijoto 95, kisha poza taratibu hadi 20. Kwa umbo bapa, saa moja na nusu inatosha. Ondoa nyuzi fupi zilizobaki kwa kichujio cha kilodaltoni 100, halafu pitisha kidogo kwa umeme kwenye jeli ya agarosi yenye magnesiamu, inayotenganisha molekuli kwa ukubwa, ukiwa umeizungushia barafu. Unataka mstari mmoja, mkali.

Sasa changanya dawa na origami kwenye mrija. Vaa glovu mbili, mrija uufunge foili kwa sababu mwanga unaiharibu, uache usiku kucha.

Hapa ndipo nilipokosea. Mara ya kwanza sikusafisha vizuri. Seli zikafa, nikampigia mama mdogo simu kwa furaha. Kumbe zilizoziua ni chembe za dawa zilizokuwa zinaelea nje ya origami. Ilinibidi nimpigie tena.

Kwa hiyo chuja, tazama maji yanayoshuka: ya kwanza mekundu, ya pili waridi, kisha meupe. Yakishakuwa meupe acha, maana ukiendelea hata iliyopakiwa itaanza kutoka. Na usihesabu kwa kutoa kilichotoka kwenye ulichoweka, kwani doksorubisini hunata kwenye plastiki. Ikiwa ndani ya DNA mng'ao wake hufifia, kwa hiyo chukua sehemu ya sampuli, ivunje kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, ndipo upime mng'ao na kuulinganisha na doksorubisini ya kiasi unachokijua, iliyowekwa kwenye bafa ileile na kimeng'enya kilekile.

Ukifika kwenye seli, weka sahani tatu: origami yenye dawa, origami tupu, na dawa peke yake kwa kiasi kilekile ulichokipima.